Ozoni Iko Juu

Wifi yangu anafundisha watu kuendesha gari. Mtaani wanamwita Mwalimu Klachi, kwa sababu neno hilo analitaja mara nyingi kuliko jina la mume wake, na mume wake ni kaka yangu wa tumbo moja, kwa hiyo najua ninachosema. Kutwa yuko kwenye kigari cheupe chenye herufi L juu ya paa, kiti cha pembeni, akiwa na klachi na breki za akiba chini ya miguu yake. Wanafunzi wameshamlilia humo ndani, wameshamtapikia, na mmoja, mwanamume mzima mwenye ndevu zake, alimshika mkono katikati ya barabara kuu akamwomba wasali kwanza. Wifi hapandishi sauti. Anasema "klachi", anasubiri kidogo, anasema tena "klachi", na akiona mguu wa mtu umekuwa kiziwi anakanyaga ya kwake.

Neno lake la pili ni "geuza shingo". Kioo cha gari kina mahali hakifiki, pale ubavuni, na wenye pikipiki wanapapenda mahali hapo utadhani wamepalipia kodi. Kwa hiyo kabla hujahama njia, hata kama vioo vyote vinasema ni kweupe, unageuza shingo utazame kwa jicho lako. Neno hilo ameliingiza mpaka jikoni. Ukimwambia umetafuta mwiko hujauona, anakuuliza kama umegeuza shingo.

Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba si mtu mzembe. Baada ya yaliyotokea watu walisema mengi, na wengine waliyasemea kwenye saluni yangu, wakiwa wamekaa chini ya mashine yangu ya kukaushia nywele, wakidhani ile kelele inanizuia kusikia.

Wana mtoto mmoja. Mimi namwita Kiroboto, maana tangu ajue kusimama hajakubali kutembea, anaruka. Ni msichana mwembamba, magoti yote yana makovu, na ana pumu. Kifua kikimbana kinalia kama filimbi iliyoingia maji, mabega yanapanda, na macho yanakutazama kama anakuomba radhi kwa usumbufu. Hilo la macho ndilo linalonimaliza.

Tulihamia huku pembezoni kwa ajili yake. Zamani tulikaa katikati ya mji, jirani na maegesho ya malori, na daktari akasema mtoto aondolewe kwenye moshi. Kaka yangu, ambaye maneno yake ya wiki nzima yanaenea kwenye kiganja, akahangaika mpaka akapata nyumba yenye ua, na chumba cha mbele nikafungua saluni. Wakati huo pande zote yalikuwa mashamba. Siku ya kuhamia, wifi alikuwa anashusha vyombo huku anavuta pumzi ndefu kwa makusudi, kama mtu anayeonja mchuzi wa mwenzake kabla ya kuusifia.

Basi mji ukatufuata. Mashamba yakawa viwanja, viwanja vikawa nyumba, na kwa kuwa shule iko huku, soko liko kule, na kazi iko kule kabisa, kila nyumba ikanunua gari, na waliojaliwa wakaongeza la pili. Barabara ikapanuliwa, foleni nayo ikapanuka. Vituo vya mafuta vikaota kila kona, na siku za joto ukipita karibu unasikia petroli puani kabla hujaona pampu. Wifi yangu, sitamficha, alishukuru. Kila aliyenunua gari alihitaji mtu wa kumwambia "klachi".

Mtoto alipata nafuu mwanzoni. Kisha kifua kikarudi, na kikawa na tabia mpya iliyotuchanganya: kilikuwa kinambana jioni, akiwa ameshaingia ndani, ameshaoga, amekaa na daftari lake. Asubuhi mzima, mchana anacheza vizuri, jioni filimbi inaanza. Sasa mtu akibanwa ndani, wewe utamlaumu nani? Utalaumu vilivyomo ndani.

Wifi alianza na zulia. Likatolewa, likapewa mtu. Paka akafuata, akapelekwa kwa mwanafunzi mmoja aliyefeli mtihani wa barabarani, nadhani kama kifuta machozi. Mapazia yakawa yanafuliwa mpaka yakapoteza maua. Jirani wa nyuma alifuga kuku, na wifi akaenda kwake kuzungumza kwa adabu, akarudi bila adabu, na tangu siku hiyo jirani anatusalimia kwa kidevu. Mwisho zamu yangu ikafika.

"Wifi," akaniambia akiwa mlangoni pa saluni, "hiyo dawa unayopulizia wateja."

"Imefanya nini?"

"Inapita chini ya mlango."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemuua mtoto wa kaka yangu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa kutazama lile kopo."

Niliudhika, na nilipoudhika nilimwambia maneno ambayo mawifi huambiana kwa utani, ila siku hiyo utani haukuwemo. Hata hivyo makopo niliyatoa. Nikawa natengeneza nywele za watu kwa maji na sala. Na jioni ya siku chache baadaye mtoto akabanwa vilevile, nikaona aibu kwamba ndani ya hofu yangu kulikuwa na raha kidogo, kwa sababu angalau haikuwa mimi.

Tuliishi roho juu. Jioni ikikaribia, sote tulikuwa tunamsikiliza mtoto anavyopumua huku tunajifanya tunasikiliza taarifa ya habari. Wifi alikuwa na uwezo wa kukatiza sentensi yako katikati, akainua kidole, akasikiliza chumba cha pili, akashusha kidole, ukaendelea.

Mama yangu, ambaye ndiye mama mkwe wake, anaishi mbali, ndani kabisa, ambako barabara ya lami inakata tamaa kabla ya kufika. Mtoto alipolazwa hospitali, mama alimpigia wifi simu.

"Mwanangu, mtoto anateseka. Nipeni mjukuu wangu."

"Mama, huku ana shule. Ana daktari wake."

"Ana kifua pia. Akilazwa tena?"

Nilikuwa nimekaa na wifi, simu iko kwenye sauti kubwa. Angeweza kupiga chenga, lakini mama mkwe wake hapigiwi chenga.

"Akilazwa tena, mama, nitamleta mwenyewe."

Alipokata simu alinitazama akasema, "Wifi, nimemweka mtoto rehani." Tangu siku hiyo kila kikohozi kilikuwa na maana mbili ndani ya nyumba ile.

Akajitungia utaratibu, na aliushika kama sheria za barabarani. Asubuhi, foleni inapojaa na moshi unaonekana kwa macho, madirisha yote yamefungwa na mtoto yuko ndani. Mchana, magari yamepungua, jua limetoka, anga imekuwa buluu na huoni moshi hata wa kutafuta, madirisha yanafunguliwa na mtoto anatoka kucheza. Nani angebisha? Mimi nilimsifu. Daktari aliposikia kwamba asubuhi mtoto anafungiwa asivute moshi, alisema vizuri sana mama, na habari za mchana hakuna aliyemuuliza wala sisi hatukumwambia.

Ndipo manispaa wakaweka ubao.

Waliuweka kwenye mzunguko mpya, pale barabara nne zinapokutana na kugombana. Ni ubao wa umeme, wenye maandishi ya taa nyekundu yanayobadilika. Unaandika saa, unaandika joto, halafu unaandika habari za hewa. Siku ya kwanza wifi alirudi amechangamka, sura ambayo nilikuwa nimeisahau.

"Umeuona ubao?"

"Nimeuona."

"Umeusoma? Vumbi na moshi, chini. Ozoni, juu."

Nami nikamjibu, na maneno haya hakuna aliyenishikia fimbo niyaseme, "Si ndipo inapokaa?"

Sote wawili tulisoma shule, na shule ilitufundisha kwamba ozoni ni tabaka lililoko juu angani, linatukinga na jua, na likitoboka tumekwisha. Tuliliimba darasani. Kwa hiyo ubao ukisema vumbi na moshi chini, ozoni juu, sisi tulisoma kwamba kila kitu kiko mahali pake: uchafu umetua ardhini, na mlinzi wetu yuko lindoni. Ilikuwa kama kusoma kwamba mwizi yuko jela na askari yuko barabarani.

Siku nyingine, hasa za mawingu, ubao uliandika ozoni: chini. Hapo wifi alitishika. Alisema ozoni imeshuka, huko juu kumebaki wazi, na mtoto hatoki hata mlangoni. Na siku hizo mtoto hakubanwa. Unaona ubaya wa jambo hilo? Kila alipomfungia siku ya mawingu mtoto alilala vizuri, na yeye akazidi kuuamini ubao. Siku za jua kali ubao ulisema juu, mtoto alitoka, akarukaruka mpaka akachoka, na jioni kikimbana tulirudi kunusa mapazia.

Mwalimu wa michezo shuleni alimchagua Kiroboto awe wa mwisho katika mbio za kupokezana kijiti. Mtoto alikimbia kutoka shule mpaka nyumbani kutupa habari hiyo, na akaitoa bila kuhema. Wifi alimtazama kifua kabla hajamtazama uso. Kisha akasema sawa, atafanya mazoezi, lakini mchana tu, na siku ambazo ubao umeridhia.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri sana, na mpaka leo siku nzuri hivyo zinanitia wasiwasi. Upepo ulikuwa umelala kabisa. Anga ilikuwa safi, ila mbali kule upande wa mjini kulikuwa na utando mwembamba wa rangi ya chai ya maziwa, ambao tulikuwa tumeuzoea. Saluni haikuwa na mteja, kwa hiyo nikafunga nikampeleka mtoto uwanja wa shule, nikiwa na chupa ya maji na pampu yake ya dawa mfukoni. Wifi alikuwa na mwanafunzi.

Mwanafunzi huyo alikuwa fundi wa manispaa, anayepanda ngazi kutengeneza taa za barabarani, na huo ubao pia ulikuwa wa kwake kuupangusa na kuufunga waya. Mwanamume mpole, mwenye mikono mikubwa. Haya ya ndani ya gari nilisimuliwa na yeye mwenyewe, kwa sababu wifi mpaka leo hayasimulii.

Walikuwa wanaingia kwenye mzunguko. Wifi akautazama ubao, akasema kwa furaha, kama mtu anayesifia nyumba kwa aliyeijenga, "Leo mambo mazuri. Ozoni yako iko juu. Mtoto wangu yuko uwanjani anakimbia."

Fundi alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Halafu akaona mwenzake hacheki.

"Mwalimu, ile juu si ya angani."

"Ni ya wapi?"

"Ni ya hapa hapa. Maana yake imezidi. Imekuwa nyingi kwenye hii hewa tunayovuta."

Gari likazimika katikati ya mzunguko. Pande zote nne zikaanza kupiga honi. Fundi aliniambia alisubiri kusikia "klachi", hakuisikia, na hapo ndipo alipoogopa.

"Nani aliandika juu?" wifi akauliza, taratibu kabisa.

"Ofisini walitaka iandikwe imezidi kiwango. Herufi hazikuenea kwenye ubao. Wakasema basi weka juu, watu wataelewa."

"Na ikizidi inafanya nini?"

"Walituambia ni mbaya kwa wenye kifua. Wasitoke."

Hawakubadilishana viti. Kubadilishana viti kungetaka washuke, na honi zile zingewala. Wifi alisema, "Washa. Uwanja wa shule. Mimi nitakushika," na yule mwanaume, ambaye alikuwa hajawahi kupita gia ya tatu bila kufumba macho, akawasha. Njiani wifi alinipigia simu, akapiga tena. Simu yangu ilikuwa ndani ya pochi, pochi iko kwenye benchi, na mimi niko ukingoni mwa uwanja napiga makofi.

Kiroboto alikuwa anakimbia vizuri, hilo nilisema hata kwa daktari. Alipokea kijiti akaenda nacho kama amekiiba. Kwenye kona ya pili mwendo ukabadilika. Hakuanguka, alipunguza tu, akasimama, akaweka mikono magotini, na mabega yakaanza kupanda. Nilipomfikia filimbi ilikuwa imeshaanza. Nikampa pampu, akavuta, tukasubiri, akavuta tena. Nilifanya kila kitu kwa nia njema. Nilimsogeza mbali na wenzake, nikamkalisha pale palipokuwa wazi zaidi, penye jua zaidi, nikamfungua kola, nikamwambia, "Vuta, mama. Vuta hewa safi. Vuta sana."

Naye, mtoto mtiifu, akawa anavuta. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Alinitazama kwa yale macho yake.

Ndipo gari jeupe likaingia langoni, L juu ya paa, likakata mistari ya chokaa ya uwanja, watoto wakitawanyika kama kuku wa jirani yetu. Nyuma ya usukani alikuwepo fundi ametoa macho, na pembeni yake wifi, mguu mmoja juu ya breki zake. Lilisimama hatua chache kutoka tulipokuwa. Wifi aliruka akambeba mtoto akamwingiza kiti cha nyuma, nami nikaingia.

"Wifi, funga vioo."

"Apate hewa!"

"Funga vioo. Hewa yenyewe ndiyo hiyo."

Sikumwelewa, ila nilifunga. Safari hii aliendesha yeye. Nimepanda gari na wifi yangu miaka yote hii na sijawahi kumwona akipita bila kugeuza shingo. Siku hiyo pia aligeuza, kila mara, ila aligeuza zaidi, mpaka nyuma kabisa, kumtazama mtoto.

Hospitali walimfunga barakoa yenye mvuke wa dawa, na muuguzi akatuambia tukae. Tulikaa. Fundi alikaa pamoja nasi, mikono mikubwa katikati ya magoti, akaomba msamaha kwa niaba ya ubao mpaka nikamwambia anyamaze, nikamsikitikia, nikamwambia aendelee. Mtoto alianza kupumua bila kupandisha mabega wakati mimi nimeshaahidi mbinguni mambo ambayo sitaweza kuyatimiza.

Daktari alituuliza kifua hubana wakati gani, baada ya kufanya nini, siku za namna gani. Wifi akamjibu moja baada ya jingine, na kadiri alivyojibu sauti ilizidi kuwa ndogo. Daktari akaeleza kwamba moshi wa magari na mvuke wa petroli ukipanda, jua linaupika, na mchana wa jua kali usio na upepo ndio unaiva ukawa ozoni. Ni ileile ya angani, ila huko angani inatukinga, na hapa chini inachoma mapafu. Haionekani. Upepo ukiwepo kidogo unaisogeza kutoka mjini mpaka huku pembezoni, na madhara yake kwa mtoto yanaweza kuchelewa mpaka jioni.

"Magari gani hasa?" wifi akauliza.

"Yote, mama. Yanatofautiana kidogo tu."

"Hata madogo?"

"Hata madogo. Hasa yakiwa kwenye foleni, yanaenda na kusimama."

Wifi alikuwa bado ameshika ufunguo. Aliutazama. Kazi yake nzima ni kwenda na kusimama, kuzunguka mzunguko uleule kutwa na mtu anayejifunza gia ya kwanza. Niliona anavyotaka kuuweka mahali, hapaoni, akaurudisha mkononi.

Mtoto alilazwa. Kwa hiyo ahadi ikawa imeiva.

Kaka yangu alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akasimama kando ya kitanda, akasema neno moja, "Tuliahidi," akatoka nje kulia, nikamwacha. Mama alipopiga simu wifi alimweleza kila kitu, kama anavyoeleza mzunguko, nani apite kwanza, nani asubiri. Mama alisikiliza.

"Sasa hiyo ozoni, leo iko wapi?"

"Leo iko juu, mama."

"Ah. Ashukuriwe Mungu."

Wifi akacheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, na alipokuwa sakafuni kicheko kikageuka, nikamnyang'anya simu nikaanza upya na mama yangu.

Baadaye wifi alijitetea kwa mama. Alisema sasa tunajua, mtoto atatoka asubuhi mapema na siku za mawingu, mchana tutafunga, hatalazwa tena. Mama alimwacha amalize.

"Mwanangu, mmejua inatoka wapi. Mnaweza kuizima?"

"Hapana, mama. Hata gari letu limo."

"Basi nileteeni, mpaka miezi ya jua ipite. Akirudi mtamfungia mtakavyo."

Mbio za kijiti zilikimbiwa na msichana mwingine. Kiroboto hakulia. Aliweka viatu vya michezo kwenye begi la safari, chini kabisa, akavifunika na gauni.

Tuliondoka asubuhi, hewa ikiwa bado nzuri, ingawa foleni ilikuwa imeshajaa. Kwenye mzunguko tukakwama kabisa. Mbele magari, nyuma magari, yote yananguruma yakiwa yamesimama. Wifi akanyoosha mkono akazungusha ufunguo. Gari letu likanyamaza.

Foleni ikasogea kidogo. Akawasha, akasogea, akazima tena. Wa nyuma akapiga honi. Mwingine akatoa kichwa dirishani, na bahati mbaya alikuwa mmoja wa waliofundishwa naye, akapiga kelele, "Jamani, Mwalimu Klachi leo limemzimikia!" Magari mawili matatu yakacheka. Kwa mwalimu wa gari hakuna tusi zaidi ya hilo. Mimi nilijisikia nishuke nimjibu mtu huyo kuanzia kwa babu zake.

"Mama, limezimika?" Kiroboto akauliza.

"Nimelizima."

Mtoto akatazama dirishani, akayatazama yale mengine. "Wenzetu hawazimi."

"Nawaona," wifi akasema, akaweka mikono mapajani, akangoja.

Tulimfikisha. Mama alimpokea akamkagua kama mzigo uliopitia mikono mingi. Wifi alimwonyesha pampu, akamwonyesha tena, akakagua chumba, akanusa mapazia kwa mazoea. Mtoto alitupungia mkono huku anaruka, na sisi tukaondoka kabla wifi hajabadili mawazo.

Siku tuliporudi mjini mvua ilikuwa imenyesha, na mawingu yamefunika kila mahali. Tulipita chini ya ubao. Uliandika ozoni: chini. Nyumbani wifi aliegesha uani, akazima, akashuka, akazunguka nyuma, akafungua mlango wa upande anaokaa mtoto, kama anavyofanya kila siku. Alisimama ameushikilia. Hewa ilikuwa nzuri kweli, hata mimi niliisikia.

Akageuza shingo kunitazama.

"Leo angecheza," akasema.